Uji wa Saa Nne pale Mashineni

Nikiwa mdogo kule Bungu, redio ilikuwa moja mlima mzima, na ilikuwa ya mjomba wangu Hoza. Msiniulize aliipataje. Jioni watu walipanda kwake, wakajaa uwanjani, wengine wamekaa juu ya mawe, wengine juu ya wenzao. Mjomba aliileta redio imefunikwa kitambaa kama mtoto mchanga, akaiweka juu ya kiti kizuri kuliko alichokalia yeye, akaifungua. Hapo hakuna kukohoa. Mtu akipiga chafya anatazamwa mpaka anajuta kuwa na pua.

Sasa shida ilikuwa betri. Mchana kutwa zilianikwa juani pamoja na maharage ili zipate nguvu, na bado hazikufika mwisho wa taarifa. Kwa hiyo mjomba alikuwa na tabia moja ya kuudhi kweli kweli. Pale pale ambapo mtu wa redioni anataka kusema la maana, mjomba anazima. Anasema, "Ngojeni ipumzike." Watu wananung'unika, wanamwita mchoyo, yeye anatazama mlima wa pili kama vile hakuitwa. Halafu, kwa kuwa hakuna la kufanya, unasikia mtu anamgeukia mwenzake: "He, kumbe na wewe upo? Mama anaendeleaje na ule mguu?" Wamekaa bega kwa bega tangu jua halijazama na hawajasalimiana! Redio ikiwashwa tena, hakuna aliyejua nani amempindua nani nchi gani, lakini habari za mguu tulikuwa nazo kamili.

Mjomba alikufa, redio nayo ikamfuata. Wala sijui kwa nini nimeanza na redio. Nilitumwa niandike kuhusu maisha ya furaha.

Aliyenituma ni mjukuu wangu Rehema, anayekaa Korogwe mjini. Alikuja siku moja akanikuta kibarazani.

"Shikamoo babu. Unafanya nini?"

"Marahaba. Natazama kuku."

"Babu, wewe una utulivu sana. Vijana wenzangu wangependa kujua siri yako."

Nikamwambia siri ni kwamba runinga imeharibika. Hakucheka. Akanionyesha simu yake. Ina kengele ya kumkumbusha kunywa maji, na nyingine ya kumkumbusha kuvuta pumzi. Kuvuta pumzi, vijana! Nikamuuliza, na chaji ikiisha je, tukuandalie sanda? Akasema, "Babu, siyo hivyo, ni pumzi ya taratibu." Haya. Sisi tulikuwa tunavuta ile ya haraka, ndiyo maana hatukuendelea.

Basi nawaandikia, mkiona makosa mjue darasa la nne ndiko nilikoishia, na hata hilo mwalimu alinisindikiza. Kazi yangu ilikuwa kusaga. Nilishuka kutoka Bungu nikiwa kijana, nikaja huku Handeni, njia ya kwenda Mazingara, nikasaga mahindi ya watu kwenye mashine ya dizeli mpaka masikio yakastaafu kabla yangu. Sasa mnamwomba ushauri wa utulivu mtu aliyezeekea ndani ya kelele. Ni sawa na kumwomba nauli mtu anayetembea kwa miguu. Lakini kwa kuwa mmeomba, nitawaambia habari za Mhina na uji wake.

Mhina ndiye aliyenifundisha kazi. Mzigua mrefu, mwembamba, mweupe kwa unga tangu kope mpaka kandambili, kiasi kwamba akioga watoto wake walikuwa wanamkimbia. Na nawaambia mapema ili msije mkanilaumu mwishoni: Mhina alifika siku ya kuambiwa achague moja, uji wake wa saa nne au mashine. Mashine hiyo ndiyo ilikuwa maisha yake yote. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na shamba lake lilikuwa la kulimia mawe. Tutafika huko. Kwanza mjue ule uji wenyewe ulitoka wapi, maana haukuwa uji wa hivi hivi.

Mashine ya kusaga ikilala usiku, asubuhi tumbo lake ni tupu. Wa kwanza kusaga anaacha unga wake mle ndani, kwenye kona, chini ya chekeche, kwenye ule mfuko wa kitambaa. Si mwingi, bakuli moja hivi. Lakini kamwambie hivyo mama mwenye ndoo moja na watoto sita. Kwa hiyo ilikuwa hivi: kumekucha, watu wamejaa mlangoni na mahindi yao, dizeli ipo, mwenye kusaga yupo, na hakuna anayesaga.

"Tangulia mama Salimu."

"Aa, mimi sina haraka. Tangulia wewe mwenye mgonjwa."

"Mgonjwa amepona."

"Lini? Jana si alikuwa anakufa?"

"Amepona alfajiri hii."

Upole ulioje! Mtu anayepita barabarani angesema watu hawa wamelelewa. Jua linapanda, kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa sababu ya bakuli moja la unga.

Mhina akaukomesha upole huo bila hotuba. Kila siku alitoka kwake na bakuli la mahindi yake mwenyewe. Anafika, anapiga hendeli mpaka injini iwake, anamwaga lile bakuli lake kwanza. Mashine inakula chake, inashiba, inamrudishia kidogo. Kidogo hicho anakiweka sufuriani, anakibandika nyuma ya banda kwenye mafiga, moto mdogo. Hapo watu wanaanza kugombana nani atangulie, mambo yanarudi kuwa ya kawaida. Na ikifika saa nne uji umeiva, Mhina anazima mashine.

Anaizima kabisa, mnanisikia? Sizungumzii kuipunguza. Foleni iwe inafika wapi, anazima.

Halafu anajipangusa mikono, anatoka mlangoni, anaanza kuwasalimia watu mmoja mmoja, kuanzia mkubwa wao. Na salamu yake haikuwa hiyo yenu ya kidole gumba kwenye simu. Ilikuwa shikamoo, habari za kuamka, za nyumbani, za wajukuu, za shamba, za mbuzi yule aliyevimba. Na mtu akisema "nzuri" kwa kukata, Mhina anangoja. Anakutazama tu, na unga wake kwenye nyusi. Mwisho unasema: "Nzuri, lakini mbuzi alikufa." "Ahaa. Pole sana." Anahamia kwa anayefuata. Akimaliza wote ndipo anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa uji wake pole pole, anaosha bakuli, analifunika dirishani. Kisha hendeli, kazi inaendelea.

Mimi nilikuwa msaidizi wake na uji ule ulikuwa unanikera, sitawaficha. Mkono wangu uko tayari kwenye gunia, mwenzangu anauliza habari za mbuzi.

Nikamuuliza siku moja, "Kaka Mhina, kwani uji huu una dawa?"

"Hauna."

"Sasa kwa nini lazima saa nne?"

"Ukipoa unaganda."

Ndiyo hekima niliyopewa. Rehema alitaka niiandike vizuri iwekwe kwenye kundi lao la simu. Haya, iwekeni: ukipoa unaganda.

Lakini sababu ya salamu niliijua baadaye, na haikutoka kwa Mhina. Ilitokana na Bibi Mwanaidi. Huyu alikuwa bibi mmoja mfupi, mkali, aliyeolewa kutoka Mpale zamani sana, na tangu hapo alikuwa anatukumbusha kwamba Mpale watu wana adabu. Siku moja, kabla mimi sijaanza kazi pale, alikuja na mahindi yake, mashine inanguruma. Mhina akamwamkia. Midomo ikacheza, sauti ikamezwa na injini. Bibi akasimama kungoja shikamoo yake. Mhina, anayedhani ameshaitoa, akamwonyesha kwa kichwa: mwaga. Bibi akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Masika yote bibi yule alitwanga kwa kinu, umri ule, mgongo ule. Na kila aliyepita kwake aliambiwa: "Yule mtoto Mhina amenitazama kama nguzo." Mhina akaenda kuomba radhi.

"Bibi, nilikuamkia, haki ya Mungu. Mashine ilikuwa inalia."

"Shikamoo ya mdomo bila sauti wanapeana samaki," bibi akasema. "Mimi ni samaki?"

"Hapana bibi."

"Basi uizime. Hiyo mashine ndiyo bibi yako?"

Kuanzia kesho yake, saa nne, ikazimwa. Bibi akarudi na ndoo yake, akaamkiwa mbele ya watu, akaitikia "Marahabaaa" ya kufika barabarani. Akawa anakuja saa nne kasoro kila anaposaga, ili asiikose.

Ngoja niwaambie na mambo ya kazi, msije mkasema babu anapiga soga tu. Mahindi kabla hayajasagwa unaing'ata punje. Ikipasuka kwa sauti, kavu, saga. Ikibonyea kama muwa, mrudishie mwenyewe akaanike, hata kama ni shemeji yako, maana itaziba chekeche na utashinda umepiga magoti kama unaomba toba. Unga unaotoka usiutazame, ushike kati ya kidole gumba na cha shahada. Macho yanadanganywa na weupe. Na usikubali kusaga kitu ambacho hukijui. Mimi nilikubali. Mhina alikuwa ameenda mazikoni, mfanyabiashara mmoja wa gulioni akaja na pilipili kavu, ananibembeleza, "Fundi, fundi." Nilikuwa sijawahi kuitwa fundi. Nikasaga. Baada yake akaja mama na mahindi ya uji wa mtoto.

Mtaa mzima ulilia siku hiyo. Mtoto alilia, mama alilia, bibi yake mtoto alionja ili ahakikishe, akalia. Mhina akarudi. Alipitisha pumba kwenye mashine mpaka ikaacha kuwasha pua. Kesho yake saa nne akazima, akaja kwangu kwanza kabla ya wazee wote, akanishika mkono kwa mikono miwili kama unavyomshika mfiwa. "Pole sana, ndugu yangu. Habari za pilipili?" Foleni nzima ikaanguka kicheko. Mpaka nastaafu kuna watu walikuwa wananiita Pilipili, na wengine nimewazika.

Tuendelee. Mwenye mashine alikuwa Mama Hawa, mjane. Mumewe alimwachia ile mashine na watoto, na mashine ndiyo ilikuwa inawasomesha. Msimfanye mbaya katika kisa hiki, hakuwa mbaya. Ilitokea kwamba kijana mmoja aliyerudi kutoka Dar alifungua mashine ya umeme pale barabarani. Ya kubonyeza kitufe. Ana spika kubwa mlangoni, muziki unapigwa toka asubuhi, mtu anakuja anaambiwa "Niaje mama," anamwaga, anachukua, anaondoka. Haraka kama kuchomwa sindano. Watu wetu wakaanza kupungua. Walikuwa wanapita mbele ya banda letu na ndoo kichwani wakitazama upande wa pili, kama vile kule kuna maandishi.

Mama Hawa akaja jioni moja tunafagia.

"Mhina, kaka yangu, uji wako unanimaliza."

"Zinazochukua muda ni shikamoo zao, dada. Uji ni wangu tu."

"Basi hizo shikamoo. Watu wanasema wakija kwangu wanaulizwa habari za mbuzi, wakienda kule wanasagiwa."

"Wasipoulizwa, mbuzi watapona?"

"Kaka, mimi nina watoto. Uji kunywa ukiwa unasaga. Salamu wape kwa mkono."

"Ya bila sauti alishaikataa Bibi Mwanaidi."

"Bibi Mwanaidi ni ndoo moja!" Mama Hawa akapaza sauti, kisha akaishusha, maana alikuwa anamheshimu. "Nisikilize. Jumamosi ni gulio. Nitakuja nikae hapa mlangoni. Ikifika saa nne nisisikie mashine imenyamaza. Ikinyamaza, kaka yangu, nitakuwa nimeshaelewa umechagua nini."

Mhina akasema, "Nimesikia, dada." Akaendelea kufagia. Alikuwa anafagia vizuri sana.

Hapa najua Rehema angependa nisimame niwape zile tabia za kila siku, moja, mbili, tatu, za kubandika ukutani. Sina. Nina mke. Nilipostaafu nilirudi nyumbani na sauti ya mashineni, kwa sababu ndiyo sauti niliyokuwa nayo. Nikikaa mezani nasema, "Lete chumvi!" na chumvi inaletwa na jirani wa nyumba ya tatu. Mke wangu akavumilia, akavumilia, mwisho akaniambia, "Mzee, kuanzia leo ikifika saa nne wewe nenda kibarazani ukatazame kuku, mpaka nikuite." Huo ndio utulivu wangu Rehema alioukuta. Nimeamriwa. Kwa hiyo vijana, mkitaka tabia moja nyepesi ya kila siku ya kuleta furaha nyumbani, tokeni nje muwape wengine nafasi. Kunyweni uji mkiwa mmekaa. Ukimwamkia mtu, ngoja akuitikie. Mengine muulizeni simu.

Jumamosi ikafika. Gulio lilikuwa limefurika, na yule kijana wa umeme, umeme wake ulikuwa umekatika. Watu wote wakatumiminikia sisi, hata wale waliokuwa wanatazama upande wa pili. Foleni ilifika barabarani. Mama Hawa kaja mapema, kakaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, ile ile ya Mhina. Mhina kasaga bakuli lake la kwanza kama kawaida, kabandika sufuria nyuma ya banda. Tukafanya kazi. Nilimwona Mama Hawa anahesabu ndoo kwa macho, uso unafunguka kidogo kidogo, nikasema moyoni, leo Mhina hatafanya ujinga. Nani anazima mashine siku ambayo mwenzake amezimiwa umeme? Ni kama kufunga duka siku ya sikukuu.

Harufu ya uji ikaingia.

Mhina akaupeleka mkono, akazima.

Mashine haifi mara moja, inahema hema kwanza. Ilipokata kabisa, nilisikia kuku wa jirani, nikasikia mtoto anauliza, "Mama, imekufa?" Kisha foleni ikalipuka.

"Vipi tena!"

"We Mhina, jua hilo hulioni?"

"Ameanza! Mwambieni mbuzi wangu mzima!"

Mama Hawa alibaki juu ya ile ndoo. Alikuwa anatazama miguu yake.

Mhina akajipangusa mikono, akatoka. Akaanza na mkubwa wao kama siku zote. Na mkubwa wao siku hiyo, wa kwanza kabisa kwenye foleni, ndoo miguuni, kanga kiunoni, alikuwa Bibi Mwanaidi.

"Shikamoo bibi."

Sote tulikuwa tunaingoja ile marahaba yake ya kufika barabarani.

"Mhina, baba, washa mashine," bibi akasema. "Bodaboda ananingoja."

"Bibi, shikamoo."

"Nimesikia, nimesikia. Salamu tutapeana kesho. Washa bwana, watu wana haraka!"

Na foleni yote ikaitikia, "Washaaa!" Bodaboda naye kule barabarani akapiga honi, asipitwe.

Mhina akasimama pale kidogo, anamtazama bibi, anangoja, kama alivyokuwa anangoja wale wa "nzuri" ya kukata. Bibi akawa anafunga fundo la kanga yake. Basi Mhina akageuka. Hakumsalimia mwingine. Alienda nyuma ya banda, akamimina uji wake, akaunywa amesimama, mara ya kwanza kumwona akiunywa amesimama. Lakini hakuharakisha. Akasuuza bakuli, akalifunika dirishani. Akavua kofia, akaipiga pajani, unga ukatoka wingu zima, akaivaa tena. Halafu akatupita sote, taratibu, akashika njia inayopita chooni.

"Anakwenda wapi huyu?" Mama Hawa akainuka.

"Msalani," Bibi Mwanaidi akasema. "Uji wote ule! Anarudi sasa hivi."

Tukangoja. Tulimwona anakifikia choo. Tukamwona anakipita. Akapita uwanja wa mpira, akapita shamba la mihogo, akawa shati tu, likielekea Mazingara. Foleni ilikuwa ndefu vile na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Bodaboda akapiga honi tena. Nikapiga hendeli mimi.

Nimestaafu juzi juzi. Bakuli nimeliacha limefunikwa pale pale dirishani, na Bibi Mwanaidi mwenyewe tulishamzika. Mhina bado yuko msalani.